Jicho la Kulia la Wandera

Kabla mama hajawa mke wa baba, alikuwa mteja wake, tena mteja aliyekuja kulalamika.

Ilikuwa mwaka wa 1967. Mama, Kasyoka, alikuwa ametoka Mbooni kuja kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja mjini Nyeri. Baba, Wandera, alikuwa Msamia kutoka Busia. Alikuwa na studio ya picha nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na mlima wenye theluji, ingawa mlima wenyewe ulionekana mlangoni asubuhi yoyote isiyo na mawingu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Kikuyu chao wote wawili kilikuwa cha kununulia mboga tu. Kwa hiyo waliongea Kiswahili, hiki chetu cha bara ambacho watu wa pwani hukicheka, na ndicho nilichokulia mimi.

Mama alikuwa amepigwa picha akiwa na sare mpya na kofia nyeupe, akaituma kwao. Nyanya aliiangalia, akampa jirani naye aiangalie, kisha akatuma neno kwa binamu aliyekuwa akirudi Nyeri: Kasyoka aulizwe, huyu mtu ambaye ametuletea picha yake ni nani?

"Mama yangu hanijui," mama alisema, akiiweka picha mezani. "Ona uso. Ni kama uji."

Baba aliichukua, akaisogeza karibu na pua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. "Pole, Sista. Hii kamera iko na shida. Ni baridi ya huku, ukungu unaingia kwa lenzi. Naisafisha kila siku na bado. Si wewe peke yako umerudi."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Mama, aliyekuwa amekuja tayari kwa ugomvi, akakosa wa kugombana naye. Akakubali kupigwa tena.

Akaketi kwenye stuli. Baba akainama nyuma ya kamera iliyosimama kwenye miguu yake mitatu, akazungusha pete ya lenzi, akairudisha, akazungusha tena. Shingo ya mama ikaanza kuuma.

"Bwana Wandera, kwani unatafuta nini huko ndani?"

"Katikati kuna kidoa cha manjano," baba alisema bila kuinuka. "Ndani yake mtu anaonekana mara mbili. Sura moja imesimama, nyingine inatembea ukizungusha hii pete. Zikilaliana ziwe moja, hapo picha inatoka safi."

"Na sasa zimelaliana?"

"Zimelaliana."

"Wacha nione."

Hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Alisita kidogo, kisha akaenda kuketi kwenye stuli, na mama akachukua nafasi yake. Alifumba jicho moja, akachungulia, akakiona kile kidoa cha manjano, na ndani yake Wandera mwenye pua mbili, moja ikiwa imekaa kando ya nyingine.

Alizungusha pete polepole. Pua ya pili ikatembea, ikaikaribia ya kwanza, ikaingia ndani yake. Haikuhitaji utaalamu wowote. Mtu yeyote mwenye macho angeiona.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Alimwendea baba, akamshika kidevu kama alivyowashika wagonjwa wodini, akamgeuza uso kuelekea mlangoni. Katikati ya jicho la kulia, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe mdogo kama tone la maziwa.

"Hili jicho liliumia?"

"Zamani. Tulikuwa tunavunja kokoto za barabara kule nyumbani. Kipande kiliruka. Lakini lilipona."

"Funga la kushoto. Unaniona?"

Baba alifumba. Alisogeza uso mbele, akaurudisha nyuma.

"Nakuona," alisema mwishowe, "kama vile uko kwa ile picha."

Mama anasema baba hakulia, lakini alibaki ameketi pale, mikono magotini, akiitazama kamera aliyoilaumu miezi yote hiyo. Jicho lake la kushoto lilimtosha kutembea na kumtambua mtu, ila tangu utotoni halikuwahi kuona vitu vidogo. La kulia ndilo lililomlisha.

Ulikuwa mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikuja Nyeri kwa nadra, na waliomngoja walikuwa wengi. Mama akaanza kufika studio siku zake za mapumziko. Baba aliwapanga watu, akawanyoosha kola, akawachekesha; mama aliinama, akazungusha pete, akasema, "Tayari," na baba akabonyeza.

Kwenye harusi ya binti mmoja aliyeitwa Gathoni, huko Othaya, baba yake bwana arusi aliwatazama wakipokezana, akauliza, "Ati mpiga picha ni nani kati yenu?"

"Ni mimi," baba alisema. "Huyu anaona tu."

Watu walicheka hadi picha ile ikatoka na meno ya ukoo mzima.

Kisha wakaitwa Wang'uru wakati wa mavuno ya mpunga. Wakirudi, walikaa kando ya barabara wakingoja gari, matope yakiwakaukia miguuni. Siku ya baba kupasuliwa jicho ilikuwa imekaribia.

"Sista," baba alisema, "nikianza kuona tena, utaacha kuja?"

"Kwani ulidhani nakuja kwa sababu huoni?"

Gari lilipofika, baba alipanda akiwa amesahau ile miguu ya kamera nyasini, na mama akashuka kuichukua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipewa miwani mizito kama chini ya chupa ya soda, akaona tena majani juu ya miti. Lakini miwani iligonga kamera kabla jicho halijafika, na bila miwani hakuona kitu. Alijaribu wiki nzima, kisha akamkabidhi mama kamera, yeye akabaki na kazi ya kusafisha picha gizani na kuwapanga watu. Wakaoana mwaka uliofuata.

Studio ilidumu mpaka maduka ya picha za rangi yalipojaa mjini. Baba sasa hayupo. Ninapowakumbuka wawili hao, huwa ni Jumapili katika uwanja wa Ruring'u, baada ya mechi. Wachezaji bado wana jasho, wanabishana kuhusu bao. Baba anawasukuma mabega yakaribiane, anaenda kusimama kando. Mama anainama. Mabishano yanakatika moja kwa moja, na wanaume wote wale wanatulia, wakimngoja amalize.