Mstari wa Arobaini na Mbili

1.

HALI YA MGONJWA (weka alama kisanduku kimoja tu, usifute)

☐ Anaendelea
☐ Amehama
☐ Amefariki

Kisanduku cha nne hakipo. Kalunde aliwahi kukitafuta, akageuza hata karatasi. Nyuma palikuwa peupe.


2.

KWA: Waganga wafawidhi wote, zahanati za tarafa

YAH: UKAGUZI WA VIGEZO VYA UBORA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Zahanati itakayofikisha vigezo vifuatavyo itapatiwa mashine ya kupima damu:

(a) wagonjwa wa presha waliodhibitiwa: asilimia 80 au zaidi;
(b) wagonjwa wa kisukari waliokaguliwa miguu na macho: asilimia 70;
(c) wanawake waliochunguzwa mlango wa kizazi: asilimia 60.

Mashine ni moja.

Nawatakia utekelezaji mwema.


3.

Zahanati ya Itumbili ina vyumba vitatu, tangi la maji lililopasuka, na Kalunde.

Kalunde si nesi. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, aliishia darasa la saba, ila mwandiko wake umenyooka kama matuta ya viazi, na kwa sababu hiyo daftari kubwa la wagonjwa wa presha likawekwa mikononi mwake. Hasemi sana. Anatazama. Anamjua anayeanza kuburuta mguu kabla mwenye mguu hajajijua.

Mashine hiyo anaitaka. Mwaka juzi mama yake alitakiwa apimwe damu, na kipimo kilikuwa kilomita sitini na mbili kutoka hapa. Wakampakia kwenye baiskeli. Walifika kilomita ya arobaini


4.

Benchi la nje, siku ya presha:

— Mie leo wamenipima mara tatu.

— Mpaka namba ipendeze, shoga.

— Namba ikipendeza wanafurahi. Mie nikipendeza nani ananiona?

— Vua kwanza hilo gauni la kilio, tutakuona.

(Kicheko. Kikohozi. Kicheko tena.)


5.

Daktari Kapufi, mganga mfawidhi, si mtu mbaya. Wewe unayesoma, hilo liweke akilini, maana utakuja kulihitaji. Miaka kumi na mmoja yuko hapa. Amezalisha nusu ya watoto wa shule ya msingi, wengine kwa mwanga wa simu yake.

Alivuta kigoda akakaa karibu na Kalunde.

"Mwanangu, tuna wagonjwa wangapi wa presha?"

"Hamsini."

"Waliotulia?"

"Thelathini na watatu."

"Ambao hawajaonekana miezi mitatu?"

Kalunde alishuka na kalamu, jina kwa jina. "Tisa. Lakini daktari, hao wako mashambani. Si unajua mvua zikishika watu wanakwenda kulala kwenye vibanda vya huko mpaka wavune? Watarudi."

"Kisanduku cha mashambani kiko wapi?"

Kalunde akavitazama visanduku vitatu.

"Hakipo. Basi asiyekuwepo anahesabiwa hajadhibitiwa. Yuko porini anafukuza ngedere, huku anatuvuta chini. Waandike wamehama. Wakirudi tutawaandikisha upya." Akashusha sauti. "Unaitaka mashine, huitaki?"


6.

Amehama.
Amehama.
Amehama.
Amehama.
Nyanzala binti Mgalula, miaka 61. Amehama.
Amehama.
Amehama.
Amehama.

Kalamu ikagoma. Akaipulizia pumzi, akaisugua kiganjani.

Amehama.


7.

Hesabu aliyoipiga Kalunde kwa kijiti, kwenye vumbi la uani:

33 kwa 50, ni 66.
33 kwa 41, ni 80 na mabaki kidogo.

Ubaoni, ukutani pa zahanati, Daktari Kapufi aliandika kwa chaki ya kijani: 33/41.

Kijani kizuri. Kijani cha mahindi ya mwezi wa kwanza.


8.

Bi Nyanzala alirudi mavuno yalipokwisha, ungo wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, kichwani. Nyumba yake iko nyuma ya zahanati, karibu kiasi kwamba moshi wa jiko lake huingia dirishani na kumchoma macho Kalunde kila asubuhi.

"Mwangaluka, mayo," Kalunde alimwamkia kama mama yake, akapiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Nipe dawa zangu. Zilikwisha mwezi wa pili, kichwa hiki kinalia kama ngoma ya arusi."

Kalunde akampima. 188 juu ya 110. Akafungua daftari, ingawa alijua kitakachomtazama humo.

"Mayo… hapa umeandikwa umehama."

"Nani, mimi?" Bi Nyanzala alishika kiuno. "Nimehamia wapi?"

"Haijaandikwa."

"Kuna maji huko nilikohamia? Maana kama yapo, nami nitakwenda."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Kalunde naye alicheka, mkono mdomoni, jicho likiwa bado daftarini.


9.

ILANI YA BOHARI

Dawa za maradhi ya muda mrefu zitatolewa kulingana na idadi ya wagonjwa WANAOENDELEA.

Itumbili: 41.


10.

33 kwa 42, ni 78.

Akaifuta kwa unyayo. Akaiandika tena. Vumbi halikubadili mawazo.


11.

"Mwandikishe baada ya ukaguzi," alisema Daktari Kapufi. "Zimebaki siku nne."

"Hana hata kidonge kimoja, daktari."

"Apunguze chumvi. Apumzike. Siku nne, Kalunde."

Zilipokwisha nne, ikaja simu: wakaguzi wameharibikiwa gari, waongezewe wiki.


12.

Kipande cha boksi la sabuni, mwandiko ulionyooka:

Jumatatu 190/112
Alhamisi 196/114. Anasema nyota zinaruka machoni.
Jumapili 204/118. Nilimpa vidonge vinne nilivyoomba kwa jirani yake. Amekula viwili, viwili amemrudishia. "Na yeye ana kichwa," kasema.
Jumatano 210


13.

Siku ya wakaguzi.

Uani pamefagiliwa mpaka mchanga una mistari. Sista, nesi wa zamu, ameazima kitambaa cha meza. Soda mbili zimelowekwa kwenye ndoo. Gari jeupe limefika, wametoka wawili, mwanamke mwenye miwani na mwanamume mwenye kompyuta ndogo. Wanasalimia, wanakaa.

Kalunde anasimama dirishani. Macho yake hayawashi.

Anayafikicha. Hayawashi.

Moshi.

Hakuna moshi.


14.

Alimkuta ameketi penye mafiga, majivu ya jana hayajazolewa. Mkono wa kushoto umelala mapajani kama mkono wa mgeni aliyeusahau pale. Mdomo umekwenda upande.

"Mayo."

Bi Nyanzala alimtazama kwa jicho moja. Alitaka kusema jambo. Likatoka nusu, likaanguka.


15.

Simu kwa gari la wagonjwa:

— Kiharusi, kaka. Tafadhali njooni haraka.

— Taja namba yake ya rejista.

— Hana.

— Hana vipi? Presha si mnaandikisha?

— Alikuwa nayo. Aliandikwa amehama.

— Dada, aliyehama hapandishwi gari na kituo alichohama. Bila namba dereva hatoki. Mwandikisheni, unipigie. Nasubiri.


16.

Sista alikwisha kuja mbio jikoni na mashine ya presha, akampima, 222 juu ya 130, akabaki naye. Chumbani daftari lilikuwa mbele ya mkaguzi mwenye miwani, limefunguliwa penye orodha mpya, isiyo na wale tisa. Arobaini na mmoja wanaoendelea. Alikuwa akiwahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo inacheza, naye alikwisha kutabasamu.

"Kazi nzuri. Nani anaandika hivi?"

"Mimi," Kalunde alisema, kutoka mlangoni.

Daktari Kapufi aliona majivu miguuni mwake. Akauona uso wake. Alitikisa kichwa mara moja, pole pole, kama anayeomba, siyo kama anayekataza.

Wewe unayesoma, simama hapa kidogo. Kilomita sitini na mbili unazijua. Aliyefia kilomita ya arobaini unamjua. Wako wengine watakaopakiwa baiskeli mwaka huu wote, na mwaka ujao, kama mashine itapita kwenda kijiji kingine. Nyuma ya ukuta huu yupo mmoja, mdomo upande, aliyehama bila kutoka jikoni kwake.

Kalamu ingekuwa mkononi mwako


17.

Aliingia hata viatu hakuvua. "Samahani, mama," akalivuta daftari.

Chini ya mstari wa arobaini na moja akaandika, kwa mwandiko ule ule, ila mara hii matuta yalipinda:

42. Nyanzala binti Mgalula. Miaka 61. 222/130.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi. "Leo ndiyo ameandikishwa?"

"Ni jirani yetu." Alionyesha dirishani. "Hakuhama. Mimi ndiye niliyemhamisha."

Vidole viliacha kugonga kompyuta ndogo.

Daktari Kapufi alinyanyuka. Hakumtazama mkaguzi, hakumtazama Kalunde. Alikwenda mpaka ubaoni, akachukua kifutio, akasimama nacho. Chaki ya kijani ilikuwa imemganda vidoleni.

Kalunde alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Namba arobaini na mbili," alisema. "Njooni."


18.

RIPOTI YA MGONJWA WA RUFAA
(ijazwe na mhudumu anayemsindikiza, garini)

Namba: 42

Jina: Nyanzala binti Mgalula

Kituo: Itumbili

Muda wa kuondoka: saa tano na robo

Umbali uliobaki: kilomita 22 kati ya 62

Hali ya mgonjwa (weka alama kisanduku kimoja tu; usifute):

☐ Anaendelea
☐ Amehama
☐ Amefariki