Hindi la Mwisho wa Safari

Gego la mwisho lilitolewa Alhamisi, na mume alikuwa anarudi Jumamosi. Fundi cherehani angeweza kuvumilia wiki moja zaidi, lakini jino lenyewe halikumpa nafasi. Lilikuwa limeota kiubavu, likamsukuma mwenzake, na shavu likaumuka kama unga uliotiwa hamira. Usiku hakulala. Mchana alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyeishi nao na kusuka nywele saluni, alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa meno bila kusikiliza visingizio vyake.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono midogo. Alipomaliza kazi, akamweleza taratibu.

"Pale lilipotoka gego pameganda damu. Hiyo damu ndiyo kifuniko cha kidonda, iache ikae. Usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usile cha moto. Leo kula mtindi wa baridi. Kesho uji vuguvugu, ndizi mbivu, viazi vya kupondwa, supu iliyochujwa. Vitu vya kutafuna, karanga, mahindi, usiviguse mpaka nikuone tena."

"Mahindi?" fundi aliuliza. Kwa pamba iliyojaa mdomoni, neno lilitoka kama la mlevi.

"Mahindi hasa. Ganda lake likiingia pale shimoni, utanirudia unalia."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, lakini mawazo yalikwenda Jumamosi.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na alikuwa mtu wa maneno machache. "Kaka yangu ni kama injini ya asubuhi ya baridi," wifi alizoea kusema. "Bila kusukumwa haiwaki." Kilichomwasha kilijulikana nyumba nzima. Tangu walipooana, kila safari, pale lori lilipogeuzia kurudi, dereva alinunua hindi moja bichi na maganda yake, akaliweka nyuma ya kiti. Akifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, aliwasha jiko la mkaa uani na kulichoma mwenyewe. Kisha wawili hao walikaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika ncha yake. Mke alikula kutoka upande huu, mume upande ule, wakaelekea katikati.

Taya zikishaanza kwenda, maneno nayo yalitoka. Angemsimulia madaraja, mvua, msaidizi wake anayekoroma kuliko lori. Siku nyingine yalitoka mazito. Ni wakila hindi ndipo alipomwambia kwamba safarini alipitia kwao akamzika baba yake. Ni wakila hindi ndipo walipokubaliana wifi ahamie kwao.

Na safari hii palikuwa na zito. Dereva alipiga simu katikati ya wiki akasema, "Ofisini wananitaka nisisafiri tena, nikae yadi ya malori, nifundishe madereva wapya. Jibu wanalitaka Jumapili nikienda kupakia. Tutaongea nikija." Akakata.

Fundi alilibeba lile "tutaongea" kama mtu anavyobeba yai mfukoni. Alijua wataongelea wapi. Miaka yote hakuwahi kumwambia mumewe aache barabara, maana hakutaka kuwa kamba inayomfunga mtu miguu. Alitaka atamke mwenyewe. Kila asubuhi, alipopiga magoti kando ya kitanda, upande mmoja umetandikwa na haujalaliwa, aliomba jambo hilo hilo: Ee Mungu, mpe maneno.

"Mpigie simu umwambie habari ya jino," wifi alimshauri.

"Usithubutu. Akijua, hatanunua hindi."

"Bora asinunue! Utalila kwa nini, kwa ufizi?"

Ijumaa ikapita kwa uji na viazi. Wifi aliponda, alichuja, alikoroga, akaja na bakuli akiimba kama anayebembeleza.

"Haya, mtoto mchanga wangu, fungua mdomo. Sasa tuna viazi. Asubuhi tulikuwa na nini? Viazi. Na kesho Mungu akipenda?"

"Wifi, usinichekeshe. Kidonda."

Chakula hakikuwa kibaya. Chumvi ilitosha, siagi ilikuwepo. Ila kilikuwa chakula kisichojibu. Ukikiweka ulimini kinateleza na kwenda zake, kimya, kama mgeni anayepita bila kubisha hodi. Jioni wifi alijificha jikoni akala mkate uliokaushwa, kwa heshima, ili mgonjwa asitamani. Fundi akiwa kwenye cherehani aliusikia kupitia ukuta, kra, kra, kra, mguu ukasimama juu ya pedali. Hakuwa anautamani mkate. Aliona benchi la uani, na kichwa cha mumewe kimeinama karibu na chake.

Jumamosi lori lilisikika likibadilisha gia kwenye kona. Fundi alivaa mtandio, akauvuta ufunike shavu. Dereva aliingia na vumbi lake, na hindi mkononi, bado limevaa maganda ya kijani.

"Mama, habari za hapa?"

"Nzuri. Pole na safari."

Alisema kwa ufupi ili mdomo usimsaliti. Dereva hakuuliza. Alichutama, akawasha jiko, akageuza hindi juu ya makaa kwa vidole vilivyozoea moto, mpaka punje zikaanza kupasuka na harufu ikajaa uani. Fundi alikaa kwenye benchi akimeza mate, na kumeza kwenyewe kuliuma. Alikuwa ameshapanga. Angetafuna kwa meno ya mbele, punje moja moja, kwa upande usiouma tu. Ilimradi mume aanze kuongea.

Dereva akalipuliza majivu, akampa ncha yake. Waliinamisha vichwa, fundi akashukuru kimoyomoyo. Alipoupeleka mdomo kwenye hindi, mtandio ukateleza.

"We wifi, we!" Sauti ilitoka kwenye dirisha la jikoni. "Daktari alisemaje? Kaka, mnyang'anye! Ana shimo mdomoni la kuegesha baiskeli!"

Dereva alimtazama mkewe shavuni. Akalichukua hindi taratibu na kuliweka ukingoni mwa jiko.

"Lini?"

"Juzi."

"Pole."

Basi. Injini ikazima. Wifi alileta bakuli la uji, akalitua, akaondoka akijua amefanya sawa na ameharibu. Dereva aliutazama uji kama anavyotazama kizuizi cha polisi barabarani. Makaa yalianza kuvaa majivu. Fundi aliona jioni yake inapoa pamoja nayo. Asubuhi angeondoka, jibu angelitoa huko yadi, na yeye angelisikia kwa simu, kwa sentensi moja.

"Kula wewe," akasema hatimaye. "Mimi nitasikiliza."

"Peke yangu?"

"Kula upande wako."

Dereva alisita. Kisha akaliinua, akauma. Sauti ile, kavu na tamu, ikaingia masikioni mwa fundi, akafumba macho na kunywa uji wake kwa kijiko kidogo kidogo. Dereva akatafuna, akauma tena. Na maneno yakaja. Alisimulia daraja jipya na mzani ulioharibika. Alisimulia mwanamke aliyemuuzia hili hindi, kwamba siku hizi hamuulizi tena anataka lipi, anampa refu. Fundi aliitikia "mm" kila pumzi. Dereva akafika katikati, na hapo akasimama, sawasawa kama mtu aliyefika mpakani. Nusu ya pili ilibaki, ya dhahabu na weusi, punje zote zikiwa zimekaa mstari.

"Malizia na langu," fundi alisema.

"Hapana. Lako ni lako."

Akaligeuzageuza mkononi.

"Nikikaa yadi," akasema, akiliambia hindi, "nitakuwa nakuletea nini?"

Fundi akaweka kijiko chini.

"Kwani miaka yote hii unadhani nilikuwa nasubiri hindi?"

"Sijui, mama. Hukuwahi kusema."

Ikamgusa palipo wazi kuliko shimo la jino. Siku zote alikuwa akimwombea mumewe maneno, na siku hata moja hakujiombea yeye. Alitaka kueleza kitanda, na mtandiko usiokunjika, na sahani anayoiosha ikiwa safi. Ila mdomo ulikuwa nusu, ukampa nafasi ya neno moja tu.

"Kaa."

 Dereva alilifunga hindi katika kitambaa, akamwekea pembeni, akaingia ndani kuvua viatu.

Asubuhi fundi aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda una joto lakini mtu hayupo. Alitega sikio kusikia lori. Ndipo alipomsikia wifi nyuma ya nyumba.

"Kaka, umepoteza nini huko?"

Fundi alisogeza pazia. Mumewe alikuwa ameshavaa viatu vya safari, anapima ardhi kwa hatua kando ya ukuta wa bafu, pale maji yanapotokea.

"Jua linafika hapa?" akauliza.

"Linafika mpaka alasiri."

"Mahindi yataota?"

"Kwa maji ya bafu? Yataota hadi na sabuni, kaka."

Dereva akacheka, kidogo. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni kwa mkewe, funguo mkononi.

"Daktari amesema mpaka akuone tena?"

"Mm."

"Nitakukuta umeshaonwa."

Akaenda. Fundi alisikia lori likiwaka, likavuta, likabadilisha gia kwenye kona. Hakuwa ameambiwa jibu, na siku za kungoja zilikuwa zile zile. Alikaa kwenye cherehani. Ulimi ulitaka kwenda kulichungulia shimo, akaukataza.

"Wifi," sauti ikaita jikoni, "hii nusu ya hindi imelala, inakauka. Nile?"

"Iguse uone."

Bakuli likaja, uji vuguvugu. Fundi akainamisha kichwa juu yake, na safari hii, kabla ya kumwombea msafiri, akajiombea yeye.