Usiinuke, Baba Deo

Mansfield hadi Houston, huku Texas, ni mwendo wa saa nne na ushee, na njia nzima mume wangu Modestus alikalia tako moja huku akinikosoa ninavyoendesha. Mtu anayekwenda kusikia kama saratani ya mfupa wa nyonga imenywea au imeendelea, unamwacha aseme.

"Mama Deo, usi-tailgate watu, unawakaribia mno kwa nyuma," akasema.

Yeye ni dereva wa lori. Mwaka jana madaktari wa upasuaji walituambia wakikata uvimbe watakata na mishipa ya fahamu ya miguu, na hatatembea sawasawa tena. Ndipo daktari wetu wa Houston, mama mmoja mwenye mvi, akatuandikia barua ya kwenda Japani kwenye mionzi ya kaboni. Modestus aliielewa kuliko mimi niliye nesi.

"Mionzi ya kawaida inamwaga mzigo njia nzima," aliniambia. "Hii inaubeba, inaushusha karibu wote mlangoni kwa mteja, halafu inasimama. Huyo ndiye driver."

Mpaka leo naistaajabia. Lakini kule Japani ilibidi alale bila kusogea hata kidogo, amefungwa ndani ya ganda la plastiki lililotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake. Siku ya kwanza akaingia mtaalamu wa mashine, mzee kabisa, akainama kumsalimu. Sasa mtu aliyelelewa Bukoba amwitikie mzee akiwa amelala? Akajiinua. Wakaanza kumpima upya. Siku ya pili, vilevile. Nilikasirika, nikamweleza mkalimani aibu yote, naye akamfikishia yule mzee.

Siku ya tatu yule mzee alimngojea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wakasalimiana wamesimama, wakainamiana, ndipo akaenda kumlaza. Ikawa hivyo hadi siku ya kumi na sita. Nitamheshimu mzee yule maisha yangu yote.

Siku hiyo ya majibu, tulipofika Houston, daktari wetu mwenye mvi alimkuta Modestus amelazwa kwenye kitanda cha uchunguzi. Alikuwa na picha mkononi.

"Uvimbe umesinyaa," akasema. "Mishipa ni mizima. Tutaendelea kuuangalia."

Nililia bila kujificha. Modestus alishusha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akasimama wima bila kushika bega langu.

"Shikamoo, dokta," akasema.