Saa Nane ya Jumapili

"Leta karai," Gasto alisema, amepiga magoti vumbini, tyubu imemlalia begani kama nyoka aliyechoka.

Redempta, mkewe, hakuweza kuleta kitu. Alikuwa amekaa ndani ya gari, magoti karibu yaguse kidevu, karai limebanwa katikati ya miguu yake, na mlango wa upande wake uligoma kufunguka tangu walipotoka Ikungi.

"Njoo ulichukue mwenyewe, Baba Felista. Mimi nimo ndani ya kiatu chako."

Kiatu. Ndilo jina ambalo majirani walilibandika lile gari jekundu la watu wawili, lisilo na paa, lililolala chini kiasi kwamba kuku walilipanda bila hata kupiga mabawa. Mgiriki mmoja, mkandarasi wa barabara, alimwachia Gasto siku aliyoondoka nchini. Alimkabidhi ufunguo kama mtu anayemwachia jirani paka. Tangu hapo Gasto, fundi baiskeli, akawa mtu pekee kijijini mwenye gari, na pekee asiyekwenda popote, kwa kuwa matairi yalikuwa yamekwisha. Kwenye mkutano wa kijiji waliwahi kumwita bepari. Alicheka hadi akakohoa. Bepari gani anaziba pancha za watu kwa bakuli la uwele?

Kisha dereva wa lori akaleta habari: wenye magari ya mbio, wa Dodoma na wa Arusha, wangekutana Singida mjini Jumapili, kando ya ziwa, wale pamoja na kutazamana magari. Yeyote mwenye gari la namna hiyo, karibu.

Nusu ya maisha yake Gasto alikuwa ameliosha gari hilo likiwa la yule Mgiriki. Alitaka mara moja tu ashuke mbele za watu akiwa na ufunguo mkononi, siyo kitambaa.

Mselemu, mfanyabiashara wa Utemini mjini, alikuwa na matairi manne. Hakutaka fedha. Alimtaka Madoa, ng'ombe wao pekee wa maziwa. Madoa akaondoka. Wiki moja baadaye Redempta alisema, "Kama ng'ombe wangu ameliwa, na mimi nataka nikaione karamu."

Sasa karamu ilikuwa hii: yeye amekwama ndani ya bati, mume wake anatafuta tundu. Matairi yalipakwa rangi yakang'aa. Chini ya rangi yalikuwa viraka vitupu. Na Gasto, mtu ambaye angesikia pancha kwa sikio tu, siku ile hakuinama kuyakagua. Alikuwa anatazama jinsi Kiatu kilivyopendeza.

Alizamisha tyubu majini. Mapovu yakapanda, madogo, yamefuatana. Akapangusa, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza.

Ndipo waliposikia ngurumo kutoka upande wa mjini. Magari yakaja moja baada ya jingine, ya chini, yanayometa, yakikimbilia Manyoni kabla ya saa nane. Maana ilikuwa Jumapili, na tangu mafuta yawe adimu, ikifika saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kusogea hadi Jumatatu alfajiri. Kila dereva alipokiona Kiatu alipiga honi na kuinua mkono, kama mtu aliyemwona ndugu yake. Gasto akainua wake, umejaa gundi.

Vumbi lilipotua, Redempta alijifuta macho. "Ndio hao?"

"Hao ni wa Dodoma. Wa Arusha bado watakuwepo."

"Wamekupungia."

"Wamenipungia."

"Basi wamelipa kwato za Madoa. Bado pembe."

Waliendelea. Mabati ya mji yalipoanza kuonekana, gurudumu la nyuma likazomea. Alipomaliza kuliziba na kuwasha tena, mgambo kijana alitoka nyuma ya ua wa minyaa uliozunguka nyumba yake, rungu mkononi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sasa zima, ndugu. Saa nane."

"Mwanangu, mji ule pale. Mabati yanaonekana!"

"Hata mimi nayaona. Kesho yatakuwepo."

"Basi niache nigeuze nirudi nyumbani."

"Kugeuza ni kuendesha."

Redempta alianza kucheka. Alicheka akiwa amejikunja vilevile, mpaka mgambo, Simoni, akaingiwa na huruma. Yeye na Gasto wakamshika makwapani, wakamvuta nje kama ndama anayezaliwa.

Alikuwa bado anajinyoosha kiuno ng'ombe alipolia nyuma ya minyaa. Kicheko kikamkatika.

"Ng'ombe huyo wa nani?"

"Wa Mselemu wa mjini," Simoni alisema. "Ameniwekea nimchunge, nami ninywe maziwa. Maziwa yenyewe siyaoni! Anabana. Juzi amempiga mke wangu teke."

"Chuchu moja ya nyuma nyeupe?"

"Umejuaje, mama?"

Redempta alilichukua karai garini, akalisugua kwa majivu ya jikoni kwa Simoni, akalisuuza mara mbili, akaingia zizini. Wakamsikia akiimba taratibu kwa Kinyaturu, wimbo wa kila asubuhi. Kisha maziwa yakaanza kugonga bati.

Simoni alishika kiuno. "Jamani! Mama, nitamwambia Mselemu amhamishie kwenu. Nyie ndio mumchunge."

"Tumchungie Madoa wetu?" Gasto aliuliza.

"Si matairi yake tunamchungia?" Redempta alijibu kutoka chini ya tumbo la ng'ombe. "Shika karai, Baba Felista. Limejaa."

Gasto aliutia ufunguo mfukoni, akalipokea kwa mikono miwili. Povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni, likipasuka kidogo kidogo. Alisimama pale zizini, ameinamisha kichwa, akitazama kwa mazoea mapovu yanatokea wapi.