Anwani ya Nalihumba

Jumatatu asubuhi Isihaka alikuwa nyuma ya kaunta ya posta ya Nachingwea akigonga mihuri, Saturnini akaingia na bunda la karatasi zinazonuka wino. Saturnini alikuwa karani wa matrekta miaka ile mapori yalipofyekwa kwa ajili ya karanga. Karanga zilipokataa na wenye matrekta kwenda zao, yeye alibaki na kofia, meza, na habari za nani analima wapi, akawa dalali wa ardhi. Sasa kampuni moja ya ugenini ilimtuma aipatie mashamba ya kijiji cha Nandagala.

Karatasi zilikuwa za kila mwenye shamba huko Nandagala, upande wa Ruangwa. Zilisema kwa upole kabisa: ndugu mpendwa, kampuni inalitaka shamba lako, ukiwa na pingamizi, andika kabla ya mvua za kwanza, ukinyamaza, umekubali. Kilichobaki ni anwani ya kuandikia. Sheria ilitaka iwepo, tena iwe ya mahali ambapo barua zinaweza kupokelewa.

"Chukua sanduku la posta," Isihaka alimwambia. "Yapo matupu."

"Sanduku hujaa, ndugu yangu. Likijaa watu wanauliza."

"Basi andika nyumbani kwako."

"Ili waje wanitolee macho mlangoni?" Saturnini alicheka, akateremsha kidole kwenye orodha ya vijiji iliyobandikwa ukutani. Kidole kikasimama. "Nalihumba bado mnayo?"

"Kwenye orodha ipo. Kijiji hakipo, unajua mwenyewe."

"Mimi nimeuliza orodha. Ipo?"

"Ipo."

Mtu na roho yake, jamani! Nalihumba ndiko alikozaliwa Isihaka, na Saturnini huyu huyu ndiye aliyesimama pale na kofia yake siku matrekta yalipoisawazisha, nyumba, visima na makaburi, pamoja na kaburi bichi la Fatu, mama yake Isihaka. Isihaka alitamani kumrukia shingoni. Lakini alikuwa tarishi, na tarishi hachagui anwani. Karatasi zilipokamilika alizipokea, akazifunga kwenye baiskeli, akaenda zake.

Dada yake, Mwamini, alihamia Nandagala baada ya Nalihumba kufutwa. Alikuwa mjane, na mwanawe Kaimu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mikorosho aliyoipanda ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa.

"Kaka, hii nayo ni nini?"

Isihaka akamsomea. Mwamini akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Mara ya pili hii! Watu hawa nimewakosea nini mimi? Niandikie, kaka. Waambie sitoki. Waulize mtoto huyu atakula nini."

Isihaka akaandika. Majirani nao wakaja, akawaandikia mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akapiga baiskeli hadi njia ya Nambambo, akakata porini kuelekea Nalihumba, kwa kuwa ndiko barua zilikoandikiwa.

Alikuta magugu yamefika kiunoni. Katikati ya magugu ilisimama nyumba ya mama yake, na ua wake wa matete, na moshi ukipenya kwenye nyasi za paa. Fatu alikuwa kizingitini anapeta mtama.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Umekonda. Hawakulishi huko mjini?"

"Wananilisha, mama. Nimeleta barua za Nandagala. Na ya Mwamini imo."

Fatu hakujua kusoma maisha yake yote, na kufa hakukumfundisha. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga kwenye uchaga juu ya meko, mahali pa kuwekea mbegu ili moshi uzikinge na wadudu. Kisha akamsihi mwanawe aingie ale. Akamvuta hata mkono.

"Niko kazini, mama," Isihaka alisema. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alihisi kwamba akivuka kile kizingiti hatarudi, na mjini alikuwa na mke.

Kiangazi chote alipeleka barua. Mawingu yalipoanza kujikusanya, akaja afisa wa ardhi kutoka mbali, mtu mpole, mwenye kuvaa miwani. Watu wa Nandagala walikusanywa. Saturnini akasema hakuna pingamizi lolote lililomfikia.

"Tumeandika!" Mwamini alipiga kelele. "Kaka yangu ndiye aliyepeleka!"

"Nimepeleka," Isihaka alisema. "Zipo."

Afisa alikuwa mtu wa haki, akataka azione. Wakapanda gari, afisa, Saturnini, Isihaka na Mwamini, na Kaimu mgongoni kwa mama yake, mpaka Nalihumba. Fatu aliwakaribisha uani, akawatolea vigoda na muhogo wa kuchemsha wenye chumvi. Alimpakata mjukuu wake, akasema amefanana na babu yake. Afisa akavua kofia, akaomba barua. Alizisoma moja moja, akikung'uta masizi, na ile ya Mwamini aliirudia. Saturnini alikula muhogo mpaka akaramba vidole.

"Anwani ni sahihi," afisa alisema mwishowe. "Barua zimefika, na zimetunzwa vizuri kuliko ofisini kwangu. Sheria inataka mapingamizi yapokelewe, na yamepokelewa. Haisemi yajibiwe."

Akamshukuru mama mwenye nyumba, akagonga muhuri kwenye karatasi za Saturnini, akiwa ameziweka juu ya goti.

Mikorosho ya Mwamini iling'olewa kabla korosho hazijaokotwa. Mwamini hakulia. Alikunja mkeka wake, akafunga kuku miguu, akamwambia kaka yake amsaidie kupakia kinu kwenye baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Mimi nimechoka kufukuzwa na watu walio hai."

"Na mtoto je, Mwamini?"

"Mtoto atakwenda kwa bibi yake. Wewe una pengine pa kumweka?"

Isihaka hakuwa napo, chumba chake cha mjini kilikuwa cha kugeuka kwa zamu. Alisukuma baiskeli njia nzima akilia waziwazi, na watu waliopishana naye walimpa pole. Mwamini aliingia ndani na mtoto wake. Tangu siku hiyo hakuonekana tena sokoni Ruangwa. Kila Isihaka akipita alimkuta uani anatwanga, na Kaimu mgongoni hakuongezeka hata jino.

Mvua zilipokatika, Saturnini alileta bunda jingine posta. Kampuni ilikuwa imesikia kwamba Nalihumba ina wakazi, na kwamba wanapokea barua vizuri. Isihaka alisoma ile karatasi ya juu, akaiweka mfukoni, akapanda baiskeli.

"Inasemaje?" Fatu aliuliza.

"Wanapataka hapa, mama. Mwenye pingamizi aandike."

"Aandike wapi?"

Isihaka alitazama paa, akatazama ua, akamtazama dada yake aliyekuwa ameshikilia mchi juu, anasubiri.

"Hapa, mama."

Fatu akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaenda kuiweka kwenye uchaga pamoja na zile nyingine. Alipotoka alimwambia mwanawe kwamba chakula kiko tayari. Isihaka akasema yuko kazini. Safari hii hakuna aliyemsihi.