Chupa ya Bi Hanifa

Uongo wenyewe ulimtoka Othman asubuhi, simu sikioni na kipande cha mkate wa kumimina mkononi. Nusaiba, mwanawe wa pekee, mwalimu wa shule huko Bongwe, alikuwa analia. Mimba yake changa ilimkataza kila kitu. Chai anatapika, wali anatapika, uji ndio usiseme.

"Baba, natamani achari ya ndimu ya mama. Hiyo tu naona itakaa tumboni."

"Basi ipo!" akasema Othman. "Mama yako aliacha chupa moja. Ipo kabatini."

Kabatini hamkuwa na kitu ila majani ya chai na mende mmoja aliyekwisha kuwa mwenyeji. Bi Hanifa alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo jiko la nyumba ile ya Jego lilikuwa la kuchemshia maji tu. Lakini mtoto alinyamaza kulia, akacheka kidogo, akasema shule zikifungwa atakuja kuichukua. Othman akakata simu kwa furaha tele, furaha ya mtu ambaye bado hajafikiri. Alipofikiri, alikaa chini.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alikuwa amevua samaki maisha yake yote, na ng'onda aliowakausha hawana idadi. Chumvi ni chumvi, akajiambia, na jua ni jua. Akanunua ndimu, akazipasua kwa kisu chake kile kile cha kupasulia nguru, akazishindilia chumvi ya mawe kama anavyomshindilia samaki, akazitia chupani na kuianika juani. Baada ya siku chache akaipeleka kwa jirani yake, Bi Kadzo, eti aonje.

Huyu Kadzo alikuwa shoga wa marehemu. Kila msimu wa ndimu wanawake wa mtaa hukutana uani kwake kutengeneza achari, kwa kuwa banda lake la kuku lina bati linalopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Chupa zote hupangwa pale juu. Kila moja hufungwa mdomo kwa kipande cha leso kuukuu, na kila mwanamke huijua yake kwa leso hiyo.

Kadzo alifungua, akanusa, akafunga haraka.

"Baba Nusaiba, hii ni ndimu au ni papa?"

"Ni ndimu."

"Ulizikatia kisu gani?"

Othman akatazama kuku. Jemima, mke kijana wa nyumba ya pili aliyekuwa pale uani na wanawake wengine, alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na wenzake wakampokea. Mzee alitaka kuichukua chupa yake aondoke na heshima iliyobaki. Akakumbuka kile kicheko cha kwenye simu.

"Nimemdanganya mtoto," akasema. "Nimemwambia mama yake aliacha chupa."

Kadzo akamsogezea kigoda.

"Keti. Kwanza kanawe, ujipanguse mpaka mikono ikauke."

Basi ndivyo Othman alivyoingia katika kikao cha wanawake, na mvi zake zote, akipasua ndimu kwa kisu cha kuazima. Habari zilifika dikoni, pwani wanakotua wavuvi, mapema kuliko samaki. Wavuvi wenzake wakamuuliza lini ataanza kujifunga leso. Akawajibu kwamba amewatia samaki chumvi miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyemwuliza lini ataota magamba.

Kilichomsumbua ni vipimo.

"Chumvi kiasi gani?"

"Mpaka itoshe," akasema Kadzo.

"Na juani zikae muda gani?"

"Mpaka zilainike."

"Na pilipili?"

"Kama alivyokuwa akitia Hanifa."

"Mimi sikuwahi kumtazama!" Achari ile ameila tangu alipooa, akaisifu mbele ya wageni, na hata siku moja hakuutazama mkono ulioitengeneza. Aliona uchungu na aibu kwa pamoja.

Kadzo akashusha sauti. "Mimi nilimtazama. Zile mbegu za uwatu alikuwa akizikaanga mpaka zikaribie kuungua. Nilimgombeza wee, nikachoka. Wewe tia, nitakwambia."

Ilipofika zamu ya kufunga chupa, Othman alikwenda kwake kutafuta leso. Akafungua sanduku la mkewe. Leso zilikuwa zimekunjwa kama alivyoziacha mwenyewe, bado zinanukia udi. Alisimama na mkasi mkononi, asiweze. Akafunga sanduku, akakata kikoi chake kikuukuu.

Tangu hapo akawa na kazi. Asubuhi anaiweka chupa yake juu ya bati, jioni anaiingiza ndani kabla ya umande, na katikati anaitikisa na kuisemesha. Siku moja, akitoka kutawadha kwa ajili ya alasiri, alishindwa kujizuia, akaifungua anuse.

"Weee!" Kadzo akapiga kelele kutoka barazani. "Mkono una maji! Itaota ukungu!"

"Ni maji ya udhu haya!"

"Achari haiswali, Othman! Funga!"

Shule zikafungwa. Nusaiba akaja, amekonda, macho yamemtoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Keti, keti."

Alimpakulia wali mweupe na achari kidogo pembeni. Ghafla Kadzo na Jemima wakawa na shughuli kubwa uani kwa Othman. Nusaiba akaonja, akafumba macho, akameza. Othman alingoja, ndoo tayari mguuni. Hakikurudi kitu. Akala tonge la pili, na la tatu, kisha akaomba wali zaidi.

"Si nilikwambia ipo?" akasema Othman, kifua mbele. "Mkono wa mama yako huo."

Nusaiba alikiokota kile kitambaa cha mdomo wa chupa. "Mama alianza lini kufunga achari kwa kikoi chako?"

Nje mtu akakohoa.

"Chupa ya mwisho niliichukua mimi, baba. Siku ya hitima ya mama. Niliila kidogo kidogo mpaka ikaisha. Uliposema ipo, nilijua hakuna."

"Na mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Lakini tangu mama afariki, kila nikikupigia ni hakuna. Umepika nini, hakuna. Nani kaja kukutembelea, hakuna. Siku ile ndiyo ya kwanza ukaniambia kuna kitu."

Machozi yalimtoka mzee wala hakuyafuta. Nusaiba naye akalia, akajipangusa kwa kile kikoi, akala tonge jingine.

"Uwatu umeungua kidogo," akasema. "Kama wa mama. Nifundishe, baba. Kila mwaka nilimwahidi nitajifunza, kila mwaka nikawa na mitihani ya kusahihisha."

Othman akaleta ndimu na kisu kipya, akaikagua mikono ya mwanawe kama ni mikavu. Nusaiba akapasua ya kwanza, akachota chumvi, akasita.

"Kiasi gani?"

Othman akatupa jicho nje, ambako Kadzo alikuwa ameacha hata kujifanya anafagia.

"Mpaka itoshe," akasema, kama mtu aliyezaliwa akijua.