Nywele za Uzi kwenye Harusi ya Adèle

Ukitaka kumwona Falone akiwa na raha ya kweli, nenda soko kuu la Bunia asubuhi wanapokata kamba za balo la mitumba. Wenzake hurukia jinzi za kubana na fulana zenye maandishi. Yeye hungoja. Wakishasukumana vya kutosha, huinama akaokota walivyovitupa: gauni lenye ukosi mpana, suruali iliyobana mapajani na kupanuka miguuni, koti ambalo vifungo vyake vimevishwa kitambaa. Huvipeleka nyumbani, hufua, hupunguza kiuno, na siku ya pili utamkuta amevaa mwenyewe, anashuka kutoka mtaa wa Mudzipela shingo imesimama, huku vijana wa pikipiki wakimwita Mama Zaïre. Alipenda kutazamwa na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Juu ya nguo hizo alitengeneza nywele za uzi. Alizigawa mafungu, kila fungu akalizungushia uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, mpaka likasimama lenyewe, kisha akayapinda na kuyaunganisha juu ya kichwa. Wasichana wa rika lake mtindo huo waliuona kwenye picha za mama zao tu. Falone alijifunza mbele ya kioo. Aliharibu, akafumua, akarudia, hadi mkono ukazoea.

Sasa dada yake, Adèle, alikuwa anaolewa na Delphin, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Wazazi wa mabinti hao walifariki wangali wadogo. Aliyewalea ni dada ya baba yao, Tantine Clémence, mwanamke wa Butembo aliyehamia Bunia na biashara yake ya mchele na sauti inayosikika nyumba ya tatu. Siku ya harusi yeye ndiye angekuwa baba, na neno lake ndilo la mwisho. Adèle aliomba jambo moja tu: aingie kanisani ameshikwa mkono na mdogo wake, wakiwaongoza wanawake wote wa ukoo. Falone aliliwaza jambo hilo tangu siku mahari ilipopokelewa. Tantine akalikata.

"Na ile nywele? Apana! Unataka familia ya Delphin iseme nini juu yetu?"

"Tantine, iko muzuri," alisema Falone.

"Muzuri ya nani? Miye nilivaa ile uzi bakati ya taabu, juu hatukukuwa na kitu ingine ya kutia ku kichwa. Niliapa hairudi mu nyumba yangu. Fumua, utie perruque ku kichwa sawa bengine. Ao utaingia nyuma, na bageni."

Adèle alilia. Falone alinuna, akapiga hesabu ya moyo, na hakufumua. Usimwone mkaidi bure. Kwake, kufumua ilikuwa kukubali kwamba wanaomcheka barabarani wana haki. Lakini iliuma jamani, iliuma sana. Alikuwa na dada mmoja tu duniani.

Tantine mwenyewe alikuwa na shughuli kubwa zaidi, ile ya sare. Kwetu harusi bila sare si harusi. Ukoo mzima unashona kikwembe kimoja, yaani kitenge cha aina moja, na mtu akisimama mlangoni anajua mara moja hawa ni wa bibi harusi, wale ni wa bwana. Kwa hiyo kila upande huficha chaguo lake kama siri ya serikali, wasije wenzao wakachagua kizuri kuliko chao. Tantine alikwenda sokoni peke yake, akarudi na mzigo umefungwa ndani ya gunia la mchele, akawaapisha wanawake wote wasimwonyeshe mtu hata uzi wake. Kilikuwa cha bluu chenye ndege wa dhahabu. Kwa kweli kilipendeza.

Asubuhi ya harusi wote walikuwa saluni, wameshavaa, ndege wa dhahabu kila kona. Tantine alikaa katikati kama malkia, wigi lake refu likichanwa. Falone alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amemshikia dada yake shela. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Martine, shangazi ya Delphin, amefuatana na wanawake wanne wa upande wake. Wote walikuwa wamevaa bluu, na ndege wa dhahabu.

Mashine ya kukaushia nywele iliendelea kuvuma peke yake. Mama Martine aliangalia sketi ya Tantine, akaangalia ya kwake, akaangalia tena ya Tantine.

"Clémence, nani alikuonyesha kikwembe yetu?"

"Yenu? Miye njo nilificha yangu mwezi muzima!"

"Na miye vilevile! Mufanyabiashara aliniambia hakuna mutu mwingine iko nayo."

"Aliniambia na miye ile ile."

Ungedhani watacheka. Hawakucheka hata kidogo. Ile siri waliyoilinda kwa viapo ndiyo iliyowaponza, maana kila mtu aliyeweza kuwaonya alikuwa amefungwa mdomo. Mama Martine alivuta pumzi, akasema kwamba upande wake wote umeshavaa, wengine wako njiani kutoka Komanda, hawawezi kubadili. Tena wao ndio wanaooa. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi na kuomba achanwe.

Tantine na wanawake wake walirudi nyumbani. Misa ilikuwa saa nane mchana. Uani Tantine alijitupa kwenye kiti, wigi limekwenda upande, akafunika uso kwa mikono. Falone na dada yake hawakuwahi kumwona hivyo.

"Batatucheka Bunia yote," alisema. "Batasema siye tuliiga. Tukivaa hii, aibu. Tukivaa kila mutu yake, tutafanana na batu bametoka sokoni, hawajuani."

Kila mmoja alitoa shauri lake, na hakuna lililofaa. Kutafuta kitambaa kingine? Nani atashona? Kufunga vitambaa vyekundu mikononi? Watadhaniwa ni wanamgambo, alisema Mama Espérance, jirani yao mnene mwenye mzaha usiokwisha, na hata yeye hakucheka.

Falone alisimama kando akisikiliza. Alikuwa na neno, na aliogopa kulitoa, kwa sababu alijua litaangukia wapi. Mwishowe alilitoa tu.

"Tantine, uniforme si lazima ikuwe ku mwili. Inaweza kukuwa ku kichwa."

Wakageuka.

"Kila mama iko na sanduku yake. Afungue, atoshe kikwembe ya zamani, ile anapenda kupita zote, ata kama haifanani na ya mwenzake. Halafu siye bote tutie nywele ya uzi. Bote, namna moja. Mutu akiona kichwa, atajua ni siye."

Wote walikuwa wanamwangalia Tantine, na Tantine alikuwa anaangalia chini. Wa kwanza kusogea alikuwa Mama Espérance. Alishika wigi lake kwa mkono mmoja, akalivua kama kofia, akalitundika kwenye kamba ya nguo.

"Miye joto ilikuwa inaniua kumbe," alisema. "Anza na miye, mutoto."

Basi hapo kicheko kikatoka, na kwa kicheko kazi ikaanza. Mtu akatumwa dukani kuleta uzi mweusi, wote uliopo. Wengine walikimbilia kwao kufungua masanduku. Mwanamke wa kwetu atauza kuku, atauza mbuzi, lakini vikwembe vya sandukuni hauzi. Ni vya mahari, vya uzazi wa kwanza, vya sikukuu za wakati nchi ilipokuwa bado ina jina lingine. Masanduku hayo yalikuja kutoka Butembo juu ya malori ya mizigo, na siku za kukimbia vita yalitangulia kabla ya sufuria. Vikwembe vikatoka na harufu ya dawa ya nondo na sabuni: vya maua makubwa, vya feni, vya majani ya muhogo, rangi zimekolea kama jana.

Kichwa kimoja kinachukua muda, na vichwa vilikuwa vingi. Falone aliona hataweza peke yake, akawapanga wanawake wakae mstari mmoja uani, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja afunge nywele za aliye mbele yake. Mwanzoni walilalamika kwamba wamesahau. Lakini mikono haikuwa imesahau. Wale waliokuwa wasichana zamani walianza kuzungusha uzi bila kuangalia, meno yameshika ncha, midomo inaendelea na habari, na mstari ukaenda kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye uzio. Falone alipita akinyoosha hapa, akikaza pale, akipinda mafungu yote upande mmoja, juu na kuelekea nyuma. Alitoa amri na mama wazima walimtii. Moyo wake ulikuwa umejaa hadi alihisi atapasuka.

Tantine hakuwamo kwenye mstari.

Falone alimkuta chumbani, ameketi kitandani, bado na wigi.

"Nenda na babengine," alisema Tantine. "Miye nitafunga kitambaa."

"Juu ya nini hautaki uzi, Tantine?"

Tantine alivua wigi polepole. Pembeni, juu ya masikio na juu ya paji, nywele zilikuwa zimekwisha. Miaka ya wigi na gundi ilikuwa imezila, na ngozi ilionekana. Mwanamke yule ambaye sauti yake ilitisha mtaa mzima alikuwa amelikumbatia wigi hilo mapajani.

"Unaona? Sasa itisha benzako bakuye bacheke."

Falone angeweza. Alikuwa na haki yake ya kulipiza, na watu walikuwa hapo nje. Alikwenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo, akarudi na kitana na uzi.

Alianzia katikati, mahali nywele zilipokuwa bado nzito. Alifunga mafungu membamba, marefu, na badala ya kuyarudisha nyuma kama ya wengine akayaleta mbele na kuyalaza pembeni, yakapita juu ya paji na juu ya masikio kama ukingo wa taji, ndipo akayapeleka kisogoni na kuyafunga pamoja na mengine. Hakuna hata sehemu moja wazi iliyobaki. Tantine alijitazama kwenye kioo. Alijitazama muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni miye huyu?"

"Ni weye, Tantine."

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Magari yalikuwa yanapiga honi barabarani, na wanawake wakatoka mbio wakipandishana. Falone alibaki. Alikuwa bado na nguo za kazi, nyuzi zimemjaa kifuani. Akanawa uso, akaingia kwenye gauni lake la mitumba, la kijani, mikono mifupi, sketi pana ya kuzunguka, akachukua pikipiki. Njia nzima alijiambia kwamba si kitu. Ataingia nyuma na wageni, ataona kila kitu kutoka huko. Kazi yake imeonekana, na Adèle atajua.

Alipofika, nje ya kanisa kulikuwa na watu wengi na vumbi jekundu. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa kuingia, ikaumaliza, ikauanza tena. Mlango ulikuwa umezibwa. Wanawake wa ukoo wake walisimama kwenye mstari, kila mmoja na kikwembe chake, vichwa vyote vya uzi vimesimama, na mbele yao alisimama Tantine Clémence, mikono kiunoni, amemzuia hata katekista.

"Mama, padri anangojea," katekista alikuwa anamsihi.

"Angojee kidogo."

"Munangojea nani? Bibi harusi iko hapa."

"Mutoto yangu haiyafika," alisema Tantine, kwa ile sauti ya nyumba ya tatu. "Yeye njo alituvalisha siye bote. Hakuna mutu anaingia."

Kisha alimwona Falone anashuka kwenye pikipiki, akamwita kwa jina, na mstari mzima ukapasuka kwa vigelegele. Mama Espérance alimsukuma mgongoni. Adèle alinyoosha mkono kutoka ndani ya shela, machozi yanaharibu rangi yote ya uso, na Falone akaushika.

Wakaingia. Upande wa kulia, familia ya Delphin, bluu na dhahabu benchi hadi benchi, ilisimama yote kutazama. Simu zikainuliwa. Mama Martine alifungua mdomo na kusahau kuufunga. Falone alimkaza dada yake mkono na kutembea polepole, polepole kabisa, ili kila mtu apate nafasi ya kuangalia.